Sifuri za Mwananyamala

Mwezi uliopita tulimuaga Dakta. Kadi ililetwa ofisini kwangu na dereva, kadi nene yenye maua ya rangi ya dhahabu, na nikaenda, maana sijawahi kuiacha nafasi ya kuwaona watu wenye shahada tatu tatu wakisifiana mchana kweupe. Ukumbi ulikuwa Kimara, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, una mapazia ya zambarau na feni zilizozunguka kwa kusuasua kama na zenyewe zinastaafu. Tulikula pilau lililopoa. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kumeremeta, alitangaza kwamba Dakta "ameiweka Dar es Salaam kwenye ramani ya buibui ya dunia," akaomba makofi, akapewa. Kisha ikaletwa zawadi, wanaume wawili wakiibeba: ramani yenyewe, imekuzwa ikafikia ukubwa wa mlango, imetiwa fremu na kioo. Jiji lilichorwa kwa kijivu na kila mahali buibui walipopatikana pametiwa doa jekundu. Kimara ilijaa madoa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Kurasini ilikuwa nayo machache, pembeni mwa bandari. Mwananyamala haikuwa na hata moja. Mama aliyeketi kulia kwangu, mke wa mkurugenzi fulani, aliinama akaninong'oneza, "Afadhali Mwananyamala jamani, mie hao wadudu siwawezi kabisa." Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa kwenye hafla. Alidhani nimefurahia utani wake. Nilicheka kwa sababu mimi najua Mwananyamala ilisafishwa namna gani, na nani aliyeshika penseli.

Miaka minane iliyopita nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shahada ya zoolojia, na dharau ya kutosha kugawia mtaa mzima. Nilikuwa nahoji kila kitu. Nilihoji mahubiri, nilihoji tangazo la dawa ya meno, nilimhoji muuza machungwa kwa nini anayapanga yaliyooza chini. Nilidhani hiyo ndiyo akili. Dakta alinichukua kwenye mradi wake kwa sababu hiyo hiyo. Alisema anahitaji mtu mbishi, na ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba alikuwa anahitaji mtu mbishi kwa watu wengine. Kazi yenyewe, ukiondoa maneno makubwa, ilikuwa hivi: kuna jenasi moja ya buibui wanaoishi ardhini, yenye jina la Kilatini ambalo mwenzangu Hamisi alilitamka kama jina la dawa ya kikohozi, kwa hiyo tukawaita tu buibui wa mashimo. Hawatandi utando darini. Kila mmoja huchimba shimo lake, upana wa kidole gumba, analipiga plasta kwa hariri yake, anakaa mlangoni kusubiri mdudu apite. Adui yake ni nyigu mmoja mweusi mwenye mabawa ya rangi ya kutu, ambaye huwinda kwa miguu. Nyigu huyo hutembea ardhini akitikisa mabawa, anaingia shimoni, anamchoma buibui, na buibui analegea mwili wote bila kufa. Kisha humburuza kinyumenyume hadi kwenye tundu lake, anamtagia yai moja tumboni, anafukia. Kitoto cha nyigu kinakua kwa kula nyama ambayo bado inapumua. Habari hiyo niliiona nzuri kwa kuwatishia mashangazi. Swali la mradi lilikuwa la kistaarabu zaidi: buibui hawa wanaishi sehemu gani za jiji, na wanapenda makazi ya namna gani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa Dakta, Kimara, kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ndani. Dirisha lilikuwa la vioo vya kupanga, viwili vimevunjika na nafasi zake zimezibwa kwa kalenda ya benki. Chumba kiligawanywa kwa ubao wa plaiwudi: upande mmoja sisi, upande wa pili Dakta na simu yake. Kulikuwa na friji moja, na friji hiyo tulichangia na mke wake, hivyo vichupa vyetu vya buibui waliolala kwenye spiriti vilikaa rafu ya juu, na chini yake kibua na changu wa mama mwenye nyumba wakitutazama kwa macho meupe. Siku ya kwanza nilimkuta Dakta anaandika. Akanisomea kwa fahari sentensi aliyoimaliza dakika ile: "Jenasi hii haistahimili makazi yenye msongamano wa watu." Nikamuuliza tumepata wapi jambo hilo. Akasema ndilo tunalokwenda kulipata. Tulikuwa hatujafukia hata kikombe kimoja cha kunasia wadudu. Nikacheka, yeye pia akacheka, na nadhani kila mmoja alijiona mjanja. Leo nikimsikia mtu anamwita mtafiti, naikumbuka ile sentensi, imekaa kwenye karatasi imevaa viatu, inasubiri ushahidi uje uichukue.

Hamisi alikuwa mtoto wa Mwananyamala, wa wale wenyeji ambao babu zao walilikuta jiji likiwa mashamba ya minazi. Alikuwa na cheti tu cha ufundi wa maabara, na alikuwa ameomba nafasi ya kusoma stashahada kwenye chuo kimoja. Nafasi ilikuwepo, kilichobaki ni barua ya msimamizi wake wa kazi, yaani Dakta. Kila kitu alichofanya mwaka ule alikifanya akiitazama barua hiyo. Alifika kabla yangu, aliondoka baada yangu, alimbebea Dakta begi. Mimi nilimdharau kwa begi lile. Nilimwambia hivyo mchana mmoja, tukiwa kwenye kibanda cha mama lishe, sahani za wali maharage magotini. "Wewe msomi," akanijibu huku anachambua kokoto, "ukibeba begi utaonekana mnyonge. Mie nikilibeba naonekana nina adabu. Acha nile adabu yangu, dada." Akala. Kuhusu buibui alikuwa na nadharia yake, na aliirudia hadi nikachoka: mfuate nyigu. "Nyigu hapotezi muda, Skola. Ukimwona anatembea chini, anatikisa mbawa hivi, jua anasikia harufu ya chakula. Sie utotoni tulikuwaga tunamfuata uani kutwa nzima." Nilimwambia nyigu si ushahidi, ushahidi ni buibui ndani ya kichupa, na lebo. "Basi sawa," akasema. "Ila nyigu hajasoma fomu yako."

Njia yetu ilikuwa ya vikombe. Unachimba, unafukia kikombe cha plastiki mpaka mdomo wake unalingana na ardhi, unatia maji yenye sabuni kidogo, unaondoka. Mdudu anayepita usiku anatumbukia. Baada ya siku tatu unarudi kuhesabu. Kimara tulivifukia kwenye viwanja visivyojengwa, kwenye udongo mwekundu wa miteremkoni, kati ya mihogo iliyoachwa na mashimo ya waliochimba mchanga. Kurasini tulivifukia nyuma ya uzio wa yadi ya makontena, kwenye udongo wa kichanga wenye mafuta ya malori. Kote huko buibui walipatikana. Mwananyamala hakuna kiwanja kitupu, kwa hiyo tulifukia ndani ya nyua za nyumba tisa, na kuingia ua wa mtu ni jambo la heshima. Nililijua hilo, nilijivunia kulijua. Kila mara, siku moja kabla ya kwenda kuhesabu, nilimpigia simu mjumbe wa mtaa: shikamoo mzee, tunakuja kesho saa tatu asubuhi. Naye alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wageni wa chuo wanakuja. Tulipofika tulikuta nyua zimefagiliwa, mistari ya ufagio wa chelewa imelala sambamba kama daftari jipya, mkeka umetandikwa, chai iko mezani. Tuliinama kwenye vikombe, na vikombe vilikuwa na maji safi. Sifuri. Nyumba ya pili, sifuri. Nyumba tisa, mara tano, sifuri, na kila sifuri nikaitia sahihi, maana cheo changu kilikuwa mhakiki. Mara ya tatu Hamisi alichutama juu ya kikombe muda mrefu. "Skola, hata sisimizi hamna." Nikamwambia sisimizi hawapo kwenye fomu. "Najua hawapo kwenye fomu. Nasema hawapo kwenye kikombe. Siku tatu, Mwananyamala, hata sisimizi?" Mimi niliyemhoji muuza machungwa nilimwambia aache maneno, tunachelewa nyumba ya nne.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha na vitumbua ambavyo hadi leo sijavipata mahali pengine: pembeni vinakatika kama biskuti, katikati ni laini, hiliki inakufuata hadi barabarani. Alhamisi moja, baada ya kuandika sifuri yangu, niliingia ndani kula. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, na televisheni iliyofunikwa kwa kitambaa kama maiti mwenye heshima zake. Alikuwa ananisimulia jinsi jirani alivyomwibia kuku na kisha kumletea mchuzi wake. Hamisi alibaki uani. Nikasikia anaita, "Skola! Skola, njoo! Njoo haraka, kamshika!" Nilikuwa na kitumbua cha tatu mkononi. "Nani kamshika nani?" nikajibu bila kuinuka. "Nyigu! Anamburuza! Njoo uone, yuko hapa karibu na karo!" Nikamwambia subiri nimalize. Hayo ndiyo maneno yangu, na sitayapamba. Nikamaliza kitumbua, nikafuta vidole, nikasikiliza mwisho wa hadithi ya kuku, nikatoka. Hamisi alikuwa amepiga magoti mbele ya ufa chini ya msingi wa nyumba, shavu karibu liguse ardhi. "Kaingia naye humu," akasema. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Mkubwa, miguu imelegea, ndio wenyewe. Nimemfuata kuanzia pale kwenye shina la mpapai." Nikamuuliza kwa nini hakumkamata. "Nilitaka nione makazi. Si makazi tunayotafuta?" Akachukua fomu, akafuta sifuri, akaandika moja kwa penseli. Alinipa kalamu nitie sahihi. Nilimrudishia kalamu.

Jumatatu Dakta alituita upande wake wa plaiwudi. Alikuwa anakula karanga, anamenya moja moja na maganda anayaweka kwenye kisahani cha kikombe. Fomu ya Mwananyamala ilikuwa mbele yake, na ile moja ya Hamisi ilionekana kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kijana, kielelezo kiko wapi?"

"Nyigu aliingia nacho chini ya msingi, Dakta."

"Ulishindwa kumkamata nyigu?"

"Sikushindwa, Dakta. Nilitaka kuona anampeleka wapi."

"Ulitaka kuona." Akatia karanga mdomoni. "Umefuta sifuri iliyohakikiwa, ukaandika namba yako, kwa sababu umeona nyigu. Uani kwa jirani yenu. Mtaa wenu wenyewe."

"Dakta, wallahi nimemwona kwa macho yangu."

"Usiniapie, hapa si mahakama ya kadhi. Skolastika, wewe ndiye mhakiki. Ulimwona?"

Hamisi alinigeukia. Hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Alijua nilikuwa pale, alijua aliniita, alijua nilimkuta amepiga magoti vumbini. Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kusema kwamba aliniita na mimi nikakaa nakula. Ningeweza kusema kwamba mtu hawezi kuigiza furaha ile. Nilisema, "Mimi sikuona." Ilikuwa kweli kabisa, na sijawahi kusema uongo mkubwa zaidi. Dakta alichukua kifutio, akaifuta ile moja taratibu, akapuliza vumbi la kifutio likaenda kwenye shati la Hamisi. Akasema sayansi si hadithi za uani. Akamwambia kwamba kuanzia wiki ile asihangaike kuja.

Siku chache baadaye nilikuwa peke yangu nabandika lebo, na Dakta yuko kwenye simu upande wa pili. Plaiwudi ile haikuzuia hata kupumua. "Huyo Hamisi? Mchapakazi, sikatai," nilimsikia. "Lakini anapika, ndugu yangu. Anapika data. Nimemshika mwenyewe... Ndiyo... Kikao chenu ni mwisho wa mwezi? Basi barua utaipata kabla, nimeiandika wazi... Aa, hata mwakani nisingekushauri." Akacheka, akauliza habari za shamba la mtu huyo la Bagamoyo, akakata simu. Kisha akachungulia kwangu na kuuliza kama kuna chai imebaki. Nikammiminia. Nakumbuka nilimdharau sana wakati namimina. Dharau yangu ilikuwa kali, ilikuwa na hoja zote, na haikumwaga hata tone moja la chai.

Katikati ya mwezi ule, Jumatano, nilikwenda Mwananyamala kung'oa vikombe. Kazi ya kuhesabu ilikuwa imekwisha, ripoti ya awali imeshatumwa kwa wafadhili, na vikombe nilitaka kuvipeleka kwenye mradi mwingine. Sikumpigia simu mjumbe. Sikuona haja, si ziara ya kazi. Nilifika kwa Bi Mwanaidi kama saa nne asubuhi, nikabisha hodi, na alipotoka nikaona uso wake umebadilika kama nimemkuta bafuni.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Mwanangu, leo mbona bila taarifa? Hata ua sijafagia! Tazama, na vikombe vyenu vichafu, sijaviosha hata kimoja."

Nilisimama. "Kwani huwa unaviosha?"

"Sasa nisivioshe? Mgeni anakuja kuangalia kikombe chake, mie nimwachie kimejaa madudu yaliyokufa? Wewe kwenu mnafanya hivyo?" Alikuwa ameudhika kweli. "Mjumbe akishapita tu, nafagia, namwaga, nasugua, natia maji ya bomba, nakirudisha palepale. Sie wote tunafanya hivyo. Mama Salma yeye anatia na dettol."

Niliinama. Kikombe cha karibu na mpapai kilikuwa na maji ya rangi ya chai, na ndani yake sisimizi, mende wadogo, nzi, na chini kabisa, miguu imejikunja, buibui wa shimo. Kile cha karibu na karo kilikuwa na wawili. Nilichutama pale kwa muda nikijumlisha akilini: nyumba tisa, mara tano. Sifuri zote zile zilikuwa heshima. Tulikuwa tumepima kwa uangalifu mkubwa, kwa fomu na kalamu na cheo cha mhakiki, jinsi akina mama wa Mwananyamala wanavyopokea wageni. Ramani yetu haikuonyesha buibui wanaishi wapi. Ilionyesha mahali pasipo na mwenye nyumba wa kuona aibu. Na kila mara ni mimi niliyepiga simu ya kuwaonya. Bi Mwanaidi alikuwa bado amesimama juu yangu na ufagio. "Nimekosea?" akauliza, na sauti ya kuamrisha ilikuwa imemwisha. Nikamwambia hapana, bibi, hujakosea kitu. Nikamtia buibui mmoja kwenye kichupa. Hamisi alikaa nyumba ya pili kutoka pale. Mlango wao wa uani unatazamana na kichochoro ninachotokea. Mlango ulikuwa wazi. Kikao cha chuo kilikuwa wiki mbili mbele. Nilipita na kichupa mfukoni, nikatoka barabarani, nikapanda gari la Kimara.

Nataka kuwa mwaminifu kuhusu nilichokuwa nawaza njiani, kwa sababu watu wanaosimulia makosa yao hupenda kusema hawakuwaza. Niliwaza. Niliwaza kwamba jambo hili linapaswa kwenda kwa msimamizi kwanza, kwamba hivyo ndivyo utaratibu unavyotaka. Niliwaza jinsi nitakavyomfunga Dakta mdomo. Niliandaa hotuba nzuri sana, na nilipofika Ubungo ilikuwa tayari imegeuka ya kwangu, Hamisi hayumo. Dakta alikichukua kichupa, akakiinua dirishani, akavaa miwani, akakitia chini ya lenzi. "Ndiyo yenyewe," akasema. Nikamweleza: kuosha, kufagia, dettol. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Bi Mwanaidi."

"Nauliza kati ya watu wetu."

"Hakuna."

"Andika lebo." Nilichukua penseli, lebo huandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Niliandika jina la Kilatini, nikaandika tarehe. "Mahali," akasema, "andika Kimara." Alisema kama mtu anayekukumbusha kuongeza chumvi.

"Lakini Dakta—"

"Skolastika. Ukibadilisha sifuri moja umebadilisha zote. Sahihi iliyo kwenye zote ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi ujue unayemwokoa ni nani. Halafu kuna kazi ya Morogoro, jina lako nimeshalipeleka." Akarudi kwenye karanga zake. Ningependa kusema mkono ulitetemeka. Mwandiko kwenye lebo ile ni mzuri, umenyooka, nadhani ni lebo bora kuliko zote nilizoandika mwaka ule. Nikaenda Morogoro. Kutoka Morogoro nikapata shahada ya pili, kutoka hapo nikapata ofisi ambayo dereva wa watu huniletea kadi zenye maua. Kwa miaka minane nimemdharau Dakta kwenye kila kikao, na watu hunisifu kwa msimamo wangu.

Baada ya ile hafla nilimtafuta Hamisi. Haikuwa kazi ngumu. Namba yake ilikuwa ileile, sikuwahi tu kuipiga. Yuko Kurasini, wakala wa kutoa mizigo bandarini, amenenepa, ana ndevu zilizochongwa vizuri, na simu tatu. Tulikutana mchana kwenye mgahawa wa mabati karibu na geti la yadi, malori yamejipanga nje hadi hayaonekani mwisho. Aliniagizia chakula bila kuniuliza ninachotaka. Nilikuwa na karatasi kwenye bahasha: masahihisho ya ile kazi, niliyoyaandika mwenyewe, yenye habari za vikombe na lebo, jina lake likiwa la kwanza na langu la pili, tayari kutumwa. Nilimsimulia yote nikimtazama usoni kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa na daktari asifumbe macho. Alisikiliza huku anatoa miiba kwenye samaki. Nilipofika kwenye maji ya bomba na dettol alicheka kweli, akapiga meza. "Mama Salma huyo! Mama Salma bwana!" Kisha nikafika kwenye kichupa, akaacha kucheka. Nikasukuma bahasha mbele yake. Hakuifungua.

"Wewe na Dakta wako," akasema, "mnapenda sana kuniandika kwenye karatasi."

"Nataka jina lako lirudi."

"Lirudi wapi? Hapa kila mtu ananijua. Kule chuo waliniita mpishi mpaka walinzi wa getini. Nilikwenda kuuliza majibu yangu, mlinzi ananiambia, wewe ndiye mpishi? Mie nikadhani ananitania kuhusu kantini." Akafuta mikono kwa karatasi, kidole kimoja kimoja. "Hebu nirudishie nyuma kidogo. Siku hiyo ya kichupa ilikuwa lini?"

"Jumatano. Katikati ya mwezi."

"Kikao kilikuwa bado."

"Wiki mbili."

"Na kichupa unacho mfukoni."

"Ninacho."

"Ukapita kwetu." Hakuuliza, alikuwa anaipanga njia kichwani, nyumba kwa nyumba, na njia ile anaijua kuliko mimi. "Kutoka kwa Bi Mwanaidi huwezi kutoka bila kupita kwetu. Labda sikuwepo."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nadhani alijua anachofanya, na nadhani ningeupita bila yeye kunilaumu hata kidogo.

"Ulikuwepo," nikamwambia. "Ulikuwa unafua uani. Nilikusikia unaimba."

Lori la nje lilipiga honi, simu yake moja ikaanza kuita mezani, akaigeuza uso chini. Kwa mara ya kwanza tangu nikae alinitazama sawasawa.

"Nilikuwa naimba?"

"Ndiyo."

"Wimbo gani?"

Nikamwambia sikuusikiliza, nilikuwa natembea haraka.